Kidole Nacho Hushuhudia

Aliyezoea njia itokayo Biharamulo na kupita Lusahunga na Nyakahura hata Benaco, na kutoka hapo kuteremka mpaka daraja la Rusumo katika wilaya ya Ngara, ajua ya kuwa mambo mawili hugeuka mara moja mtu avukapo mto Kagera. Gari lililokuwa likishika upande wa kushoto hushika upande wa kulia, na saa hurudi nyuma kwa saa moja kamili. Zamani msafiri aliigeuza saa yake kwa mkono. Siku hizi simu hujigeuza yenyewe mfukoni, na kijana akiitazama ili ajue kama adhuhuri imeingia, huikuta imekwisha jua kwamba yeye yu Rwanda. Vijana hupendezwa na jambo hili. Sisi tulilitazama kama mchezo tu, mpaka ulipotufika mkasa tunaotaka kuusimulia hapa. Twausimulia kwa sababu kosa lilikuwa letu sisi wa nyumba hii, wala si la chombo.

Mpwa wetu amekaa Marekani miaka mingi. Yeye bado ni raia wa Tanzania, na kule ana kadi ya ukaazi wa kudumu. Mwezi wa Disemba 2023 alikuja kututembelea pamoja na mkewe na watoto wawili. Walishuka Kigali, kwa kuwa kwetu Kigali ni karibu kuliko Dar es Salaam, nasi tukaenda kuwapokea Rusumo. Wazee wanaokumbuka mpaka ule wa zamani, ambapo msafiri aligongewa muhuri upande mmoja, akavuka daraja, kisha akaanza tena foleni upande wa pili, wangeshangaa kuona hali ya sasa. Tangu Aprili 2016, Rais Magufuli na Rais Kagame walipolifungua daraja jipya na kituo cha pamoja, vilivyojengwa kwa msaada wa Japani, maofisa wa nchi mbili huketi chini ya paa moja, na msafiri husimama mara moja tu, katika upande ule anaouingia. Wageni wetu walimaliza shughuli yao upesi, tukarudi nyumbani kwa furaha.

Siku zile zilikuwa ni msimu wa senene. Msomaji wa pwani huenda asijue utamu wake, lakini mtu wa Kagera hahitaji kuelezwa. Mama yetu, bibi yake kijana huyu, alikaa siku mbili akiwachambua mabawa na miguu, akawakaanga kwa chumvi na kuwakausha vizuri wapate kudumu. Tena tukatafuta asali ya misitu ya Biharamulo, chupa mbili, tukazifunga kwa nguo. Siku ya kuondoka ilipofika, kijana aliutazama mzigo akasita. Akasema, “Mjomba, kule huulizwa habari ya chakula.” Nasi, ewe msomaji, twakiri mbele yako tulivyomjibu. Tulimwambia, “Mwanetu, usiwataje. Ukiwataja watachukuliwa, na bibi yako ataumia moyo.” Mama alikuwa ndani akivaa, hakusikia. Kijana hakupenda kubishana na mjomba wake, akaufunga mkoba.

Sasa yatupasa tueleze kidogo chombo alichokuwa nacho, kwani vijana wengi wanaosoma kurasa hizi wana jamaa zao ng'ambo, nao hukisikia kikitajwa. Serikali ya Marekani ina programu ya simu iitwayo Mobile Passport Control. Ilianza kutumika Agosti 2014 katika uwanja wa ndege wa Atlanta, kisha ikaenea katika viwanja vingine vikubwa. Haitozi malipo. Msafiri huandika ndani yake habari za pasipoti yake, hujipiga picha ya uso, na hujibu maswali ya forodha yale yale ambayo zamani yalijibiwa kwa kalamu juu ya karatasi ndani ya ndege. Akisha kuyatuma majibu yake, huelekezwa kwenye foleni ya peke yake, ambayo aghalabu ni fupi, na ofisa huyaona majibu kabla msafiri hajafika mezani. Haimfai kila mtu. Ni ya raia wa Marekani, wakaazi wa kudumu, na baadhi ya wageni waliotajwa na sheria, hasa wa Kanada na wa nchi zisizohitaji viza. Bibi wa Ngara aendaye kumtazama mjukuu wake kwa viza ya matembezi hupita foleni ya kawaida. Wala haiondoi haja ya pasipoti yenyewe, kwani ofisa huitaka mkononi.

Basi, ndege ilipotua, mpwa wetu akiwa na watoto waliochoka na wenye usingizi, aliifungua simu yake akaanza kujibu. Likaja swali la vyakula. Wasomaji wafahamu kwamba fomu ya forodha ya Marekani haisemi chakula tu. Hutaja matunda, mboga, mbegu, na hata wadudu kwa jina lao. Senene ni nini kama si wadudu? Kijana alitueleza baadaye kwamba kidole chake kilisimama hewani. Lau angeulizwa na mtu, uso kwa uso, asingeweza kusema uongo, kwani hakulelewa hivyo. Lakini aliyeuliza alikuwa ni kioo, foleni ilikuwa mbele yake, na maneno ya mjomba yalikuwa masikioni. Akagusa pale palipoandikwa hapana. Jambo lenyewe halikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

Wakapita uhamiaji upesi kama walivyotarajia, wakaenda kungoja mizigo. Katika viwanja vya Marekani, tangu mwaka 1984, hutumika mbwa wadogo wa aina ya bigo waliofundishwa kunusa vyakula na mimea. Mbwa hawa hawabweki wala hawamrukii mtu. Akinusa kitu, huketi tu kando ya mzigo, na kuketi kwake ndiyo khabari. Mbwa mmoja alikuja, akauzunguka mkoba ule, akaketi.

Ofisa aliuliza kwa adabu kama kuna chakula. Mpwa wetu akasema, “Ndiyo.” Ofisa akatazama, akasema kwamba katika majibu yake ameandika hapana. Mtoto wa kwanza, mwenye miaka tisa, aliyekuwa amesimama hapo akisikia yote, akamwuliza baba yake kwa Kiswahili, “Baba, mbona ulisema hatuna?”

Senene walichukuliwa. Asali ilichukuliwa pia, na mpwa wetu akatozwa faini ya dola 300. Kwa mujibu wa sheria yao, faini ya kosa la kwanza, kwa mzigo usio wa biashara, yaweza kufika dola 1,000. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba alihurumiwa. Na jambo lililotuchoma zaidi ni hili: mtu akikitaja chakula chake, hata kikiwa ni cha kukatazwa, hukiacha pale akaenda zake bila ya faini, na mara nyingine hurudishiwa baada ya kukaguliwa. Ukweli ungemgharimu, kwa uchache kabisa, chupa mbili na kifurushi. Uongo ulimgharimu hivyo vyote, na fedha, na heshima yake mbele ya mwanawe.

Alitupigia simu siku ya pili. Alisema, “Shikamoo Mjomba. Zawadi ya bibi haikufika.” Kisha akatueleza yote. Hakutulaumu hata kwa neno moja, na kule kutolaumiwa kukawa kuzito kuliko kulaumiwa. Tulipomwambia Mama, hatukumficha sehemu yetu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Senene hurudi kila mwaka. Mlimfundisha mwanangu kusema uongo kwa ajili ya senene wangu?” Hatukuwa na jibu, wala hatunalo leo. Tulipeleka nusu ya ile faini kwa mpwa wetu. Alikataa kuipokea, tukamsihi mpaka akakubali, kwa kuwa lilikuwa deni letu.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukilifikiri jambo hili, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza, mtu asidhani kwamba neno lililosemwa kwa kidole ni dogo kuliko neno lililosemwa kwa ulimi. Sisi Waislamu twafundishwa tangu chuoni kwamba siku ya hisabu viungo vitasema. Basi kidole kiguswacho juu ya kioo kimekwisha anza kusema hapa hapa duniani, na maneno yake yamehifadhiwa, yana saa na tarehe. Chombo kimetuondolea macho ya anayetuuliza, lakini hakikutuondolea swali.

Pili, wepesi si kosa. Mwendo wa haraka mpakani ni neema, na sisi watu wa Ngara na Biharamulo twaijua thamani yake. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, malori yalirundikana Rusumo, na wajumbe wa serikali mbili wakakutana pale mwezi wa Mei kutafuta njia ya mizigo kupita. Mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilileta programu ya simu ili majibu ya kipimo cha dereva yasomwe na maofisa wa nchi jirani bila ya kumpima upya. Lakini wepesi huo wote umejengwa juu ya kuaminiana. Ofisa humpitisha mtu upesi kwa sababu amelipokea neno lake. Akiona neno halina maana, atarudi kufungua kila mkoba, nasi sote tutarudi katika foleni.

Kadhalika ni hali ya biashara ndogo. Mama anayevusha mchele au maharage kupitia Rusumo au Kabanga, ikiwa mzigo wake haupiti thamani ya dola 2,000 na bidhaa zake zimo katika orodha iliyokubaliwa na nchi za Jumuiya, ana utaratibu mwepesi wa cheti cha asili cha bidhaa, naye halipi ushuru wa forodha. Huyu akisema kweli hupita mchana kwa amani. Wapo wanaotafuta njia za porini kwa kudhani wanaokoa muda, na huko hupoteza mzigo wote.

Tena tukumbuke ya kuwa kuulizwa mpakani kwenyewe ni alama ya amani. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara katika muda wa kama siku moja, wakikimbia vita. Walikuwa wengi mno kuulizwa mmoja mmoja walichobeba. Wazee wa Ngara waliouona msururu ule hawatamsikia mtu akilalamika kwa sababu ya foleni ya nusu saa, isipokuwa watatabasamu.

Tatu, vijana wetu sasa ndio makatibu wa wazee wetu. Bibi atakaye kwenda Umra, kijana humjazia fomu. Anayetaka kuingia Raudha katika Msikiti wa Mtume, Madina, huhitaji kibali kinachopatikana kwa programu ya simu iitwayo Nusuk, iliyoanza mwaka 2022, na wazee wengi hawawezi kuishughulikia peke yao. Kazi hii ni amana. Basi, ewe kijana, usimjibie mzee kabla hujamsomea swali. Andika jina lake kama lilivyo katika pasipoti, herufi kwa herufi, wala si kama mnavyomwita nyumbani. Pakua programu ya serikali yenyewe, ujihadhari na za waongo zinazotoza fedha kwa kitu cha bure. Mpe mzee nakala za karatasi mkononi, kwani simu huzimika, na yeye hana budi kujieleza hata ikizimika. Nasi wazee tusiwatie vijana katika majaribu kwa vifurushi vyetu.

Mwaka uliofuata senene walirudi, kama Mama alivyosema. Aliwakaanga, akaweka fungu dogo kando kwa ajili ya mjukuu wake, safari hii pamoja na kikaratasi alichotuamuru tukiandike na kukibandika juu, kitaje vilivyomo. Mpwa wetu alikuja peke yake mara hii. Alipofika kule aliigusa ndiyo, akaufungua mkoba mwenyewe mbele ya ofisa. Wakachukuliwa vile vile. Lakini alitupigia simu akicheka, na kabla hatujauliza habari za safari, tulimsikia mwanawe nyuma yake akisema kwa sauti kubwa, “Mwambieni Bibi, Baba amewataja!”

Mama aliposikia hayo alihimidi, akatuagiza tumwekee tena mwaka ujao.