Programu ya Watoto Ilipoingia Studio
Apple ilipotoa iMovie '08, mwaka 2007, sisi tuliokuwa tunahariri video za harusi Dar es Salaam tuliicheka. Haikuwa na taimulaini tuliyoizoea. Vipande vya picha vilipangwa safu juu ya safu. Hata huko Marekani lawama zilikuwa nyingi, mpaka kampuni ikawaruhusu waliolinunua toleo hilo wapakue la zamani bure. Na aliyeitengeneza hakuwa mgeni wa kazi hii. Alikuwa Randy Ubillos, yule yule aliyeanzisha Premiere, kisha akaiunda Final Cut Pro tuliyokuwa tukiiapia.

Jambo moja nililipenda, ingawa sikulitangaza kijiweni. Ukipitisha kipanya juu ya kipande bila kubonyeza, picha zinakimbia na sauti unaisikia. Harusi ina tepu kibao, unamtafuta mama wa bibi harusi anapopiga kigelegele: unapitisha mkono tu, huyo hapo. Kwenye Final Cut ya wakati ule ungecheza, usimamishe, urudishe nyuma, ucheze tena.

Juni 2011 ikaja Final Cut Pro X, kwa dola 300. Mchezo ule wa kipanya ulikuwemo. Taimulaini nayo ilikuwa ya sumaku: ukitoa hotuba ndefu ya mjomba, vipande vinavyofuata vinasogea vyenyewe kuziba pengo, na picha ya keki uliyoibandika juu ya kipande fulani inahama nacho. Zamani kata moja ya haraka ilitosha kumfanya MC aongee huku mdomo umefumba.

Watu wa televisheni na filamu walifoka. Waliiita "iMovie Pro", na hoja walikuwa nazo: haikufungua miradi ya Final Cut Pro 7, wala haikuweza kuhariri kamera nyingi kwa pamoja. Hilo la kamera lilirekebishwa Januari 2012, wengi wakiwa wameshahama.

Edita mmoja wa televisheni aliniambia, "Kaka, hiyo ni ya kuhariria besdei."

"Kwani mimi nahariri nini?" nikamjibu.

Mwaka 2015 filamu ya Hollywood iitwayo Focus, aliyoigiza Will Smith, ilitoka ikiwa imehaririwa kwa programu hiyo hiyo ya besdei. Na waliokimbilia Premiere walikuta toleo la CS6, la 2012, nalo limewekewa kitu kile kile: pitisha kipanya juu ya kipande, picha zinakimbia.