Seli Zilizokataa Kufa

Marehemu dada yangu mkubwa, Mola amrehemu, aliugua tumbo miezi minane kabla hatujamfikisha kwa daktari mwenye kamera. Katika miezi hiyo nina fungu langu. Alipoanza kuacha wali sahanini, mimi ndiye niliyesema ni vidonda vya tumbo. Nikamwagizia habbasoda na asali, nikamsomea. Kumsomea sijuti. Najuta kwamba sikumwambia siku ile ile apande gari aende hospitali, ilhali dini yetu haikutukataza tiba.

Majibu ya maabara yalipotoka, watu wa nyumbani walinikabidhi mimi karatasi, kwa kuwa ndimi msomaji wao. Nilisoma herufi tu. Aliyenifahamisha ni binti wa marehemu, mwanafunzi wa kazi za maabara.

"Mjomba," akaniambia, "saratani ya tumbo si moja."

Tangu mwaka 1965 daktari wa Finland, Pekka Laurén, aliibainisha katika aina kuu mbili. Ya kwanza huota kwa mpango, seli zake zikijipanga kama za utumbo. Ya pili seli zake hazishikani. Hupenya moja moja ndani ya ukuta wa tumbo hadi ukakakamaa, na kamera yaweza kupita juu yake bila kuona uvimbe. Ya dada ilikuwa hii ya pili.

Nikamuuliza: seli hizi zapata wapi nguvu? Jibu lake lingali linanikosesha usingizi. Alisema seli njema imeumbwa na ajali yake ndani yake. Vidole vya mtoto aliye tumboni huachana kwa sababu seli zilizo baina yao hufa kwa wakati wake, bila jeraha wala usaha. Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie waliyapa mauti hayo jina la apoptosisi, neno la Kiyunani la kupukutika kwa majani.

Mauti hayo yana walinzi wake, nao ni protini. Ile iitwayo p53 huikagua seli iliyoharibika. Ikishindikana kutengenezwa, huiamuru ife. Bax huitekeleza amri. Bcl-2 huizuia. Wachunguzi huchukua kipande chembamba cha nyama ya tumbo, wakakitia dawa inayozinasa protini hizo, na penye protini pakageuka rangi ya kahawia. Ndipo huonekana mlinzi gani ameharibika na mzuiaji gani amezidi. Mwaka 2014 watafiti walichunguza uvimbe wa wagonjwa 295 wakaugawa mafungu manne. Katika fungu lililo kubwa kuliko yote, ambalo wengi wake ni aina ya kwanza ya Laurén, jini ya p53 ilikuwa imeharibika kwa wengi. Katika fungu lenye aina ya pili kwa wingi, lililoharibika mara nyingi ni jini ya CDH1, inayotengeneza protini ya kuzishikanisha seli. Na seli njema ikibanduka kwa jirani zake hufa. Hizi zilibanduka zikaendelea kuishi.

Nimefundisha habari za mauti miaka mingi, darsani na makaburini, na siku zote nikiyataja kama kitu kinachotujia kutoka nje. Sikujua kwamba dada yangu aliuawa na kitu kilichokataa kufa.

Kisha binti yule akaniuliza swali ambalo daktari alikuwa amemuuliza yeye: nani mwingine katika ukoo? Kwani aina hii, ingawa ni kwa nadra, hurithiwa. Nikamkumbuka bibi yetu mzaa mama, aliyekuwa akisema chakula chamkwama kifuani, akakonda hadi pete ikamtoka kidoleni. Wazee walisema ni husuda, nasi tukaamini.

Jumatatu iliyopita tulikwenda sote wawili. Yeye alitangulia kuingia, mimi nikabaki barazani na tasbihi mkononi, na mkoba wake wa vitabu magotini. Majibu bado.