Safari ya Vizazi Vinne: Kutoka Lisbon Hadi Granada



Ndugu wasomaji, na khasa akina mama ambao ndio wenye jarida hili, kwa miaka mingi nimesomesha tarehe ya Andalus madrasani bila ya kuiona Andalus kwa macho. Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi habari za Córdoba na Granada kama mtu anayesifu nyumba aliyoisikia kwa jirani. Kwa hivyo binti yetu, anayeishi Uingereza na mumewe, alipotushauri tukutane naye Ulaya katika likizo ya shule mwishoni mwa Oktoba, sikuhitaji kubembelezwa. Nilitaka jambo moja tu, kwamba Mama awe pamoja nasi.

Basi tukawa watu sita wa vizazi vinne: Mama, mwenye umri wa miaka 76, ambaye nyumba nzima humwita Bi Mkubwa, mimi na mke wangu, binti yetu na mumewe, na mwana wao wa miaka 9, kitukuu cha Mama. Mtoto huyu amezaliwa ugenini. Kiswahili hukisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, na Mama Kiingereza hakijui. Baina ya wawili hao palikuwa na mapenzi mengi na maneno machache. Mimi niliipanga safari kama ninavyopanga somo, nikikusudia mtoto arudi kwao akiijua historia ya Waislamu waliotangulia.

Ureno na Uhispania zote zimo katika nchi za Schengen, kwa hivyo viza moja yatosha, nayo huombwa katika ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kwetu sisi ilikuwa Uhispania. Ni lazima pia kuwa na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Siku ya kuchukuliwa alama za vidole, mashine ilikataa vidole vya Mama mara tatu. Yeye akacheka, akasema, "Vimekwisha kwa kukuna nazi." Mara ya nne vikakubali.

Tulianzia Lisbon. Siku ya kwanza tulikwenda Belém, ukingoni mwa mto Tagus, kwenye nyumba ya watawa ya Jerónimos iliyoanza kujengwa mwaka 1501. Ndani ya kanisa lake, karibu na mlango, limo kaburi la Vasco da Gama. Huyu ndiye aliyefika Mombasa Aprili 1498, kisha akaenda Malindi, ambako alipata rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Mwaka 1505 Wareno waliuteka na kuuchoma mji wetu, na mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome tuiitayo Fort Jesus mpaka leo. Mama alizaliwa Mji wa Kale, hatua chache kutoka ngome hiyo, na utotoni alipita chini ya kuta zake kila siku akienda chuoni.

Nilimweleza kaburi lile ni la nani, na kwamba mwenyewe alifia Cochin, Bara Hindi, mwaka 1524, mifupa yake ikaletwa kwao baadaye. Mama akalitazama kwa kitambo, kisha akasema, "Kumbe naye alifia ugenini. Na sisi tuko pale pale."

Mchana tulipokuwa tukila samaki, nilimwonyesha mtoto kwamba Wareno hawakutuachia ngome peke yake. Meza tunayolia ni neno lao, na bendera pia, na hata leso. Mama akashika pindo la leso aliyojitanda, akauliza, "Hata hii ni yao?" Nikamwambia jina ni lao, lakini mapambo yake na jina lililoandikwa juu yake ni yetu. Akaridhika.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Tulikwenda Alfama, mtaa mkongwe wa Lisbon ambao jina lake latokana na neno la Kiarabu al-hamma, yaani chemchemi ya maji moto. Waislamu waliutawala mji ule zaidi ya miaka 400, mpaka ulipotekwa mwaka 1147. Njia za Alfama ni nyembamba kama vichochoro vyetu, ila zinapanda mlima, na nyingi ni ngazi tupu. Mimi nilitaka tufike kwenye ngome iliyoko juu kabla ya adhuhuri. Nikatangulia. Nilipogeuka, nilimwona Mama ameketi kwenye kidato, kiatu kimoja mkononi, na mke wangu akimpepea. Nikamwambia, "Mama, kwa mwendo huu hatutaona kitu."

Hakujibu. Alivaa kiatu chake, akasimama, akapanda mpaka juu bila ya kutamka neno. Mke wangu naye hakusema kitu, ila alinitazama. Mimi ambaye nimesomesha watoto wa watu kwa muda wa miaka 30 kwamba mzazi haambiwi hata neno dogo la kuchoshwa naye, nilimwambia mama yangu maneno hayo mbele ya kitukuu chake. Pale juu mandhari ni mazuri sana, mto na mapaa mekundu yameenea mpaka mbali, lakini sikuyafurahia.

Kutoka Lisbon tulikwenda Sevilla kwa basi, mwendo uliotuchukua sehemu kubwa ya siku. Binti yetu akakodi kiti cha magurudumu. Mama akakikataa: "Mimi si mgonjwa." Mtoto, ambaye tangu tuanze safari masikio yake yalikuwa yamezibwa na vidude vya simu, akavivua, akakishika kiti, akasema kwa Kiswahili chake, "Bi Mkubwa, mimi sukuma." Mama akacheka mpaka akajifuta machozi, akaketi. Tangu saa ile kiti kile hakikusukumwa na mtu mwengine.

Jambo mashuhuri la Sevilla ni mnara wa Giralda, ambao leo ni mnara wa kengele wa kanisa kuu. Asili yake ni mnara wa msikiti, uliojengwa zama za Almuwahidun na kukamilika mwaka 1198. Ndani yake mtu hupanda kwa njia 35 za mteremko badala ya ngazi, na yasemwa kuwa sababu ni kumwezesha mwadhini kupanda akiwa juu ya mnyama. Kwa miaka mingi nilikuwa nikitamani kusimama palipokuwa pakiadhiniwa. Lakini magoti ya Mama yasingeweza. Wengine wakapanda, nami nikabaki naye chini, katika ua wenye miti ya matunda.

Mama akaitazama miti ile, matunda yake yameanza kugeuka rangi, akasema, "Haya si machungwa. Haya ni madanzi." Na kweli ni madanzi, ambayo Waislamu ndio walioyaeneza katika nchi ile. Akanieleza habari za mdanzi uliokuwa uani kwa nyanya yake, na jinsi walivyokuwa wakipigwa kwa kuyachuma kabla ya kuiva. Habari hiyo sikuwahi kuisikia maishani mwangu. Alipomaliza, nikamshika mkono, nikamwambia, "Mama, nisamehe kwa yale niliyokwambia Lisbon." Akasema, "Nilikusamehe pale pale kwenye ngazi, mwanangu. Lakini yule mtoto alisikia. Yeye naye mwambie." Jioni ile nilimwita mtoto nikamwambia kwamba babu yake alikosea, na kwamba vile sivyo mzazi asemezwavyo. Katika masomo yote niliyomtayarishia, hili ndilo lililokuwa zito kwangu kulisomesha.

Kwa treni ya kasi, Sevilla na Córdoba ni chini ya saa moja. Msikiti wa Córdoba ulianzwa na Amir Abdurrahman wa Kwanza mwaka 785, ukapanuliwa na waliomfuatia mpaka ukawa miongoni mwa misikiti mikubwa ya ulimwengu. Nguzo zaidi ya 800 bado zimesimama, na juu yake matao ya rangi nyekundu na nyeupe yamefuatana kama safu za maamuma. Mji ulipotekwa mwaka 1236, msikiti ulifanywa kanisa, na katika karne ya 16 kukajengwa kanisa jingine katikati yake. Mihrabu ingali pale, nyuma ya kizuizi cha chuma, na aya zake zameremeta kwa rangi ya dhahabu. Kuswali humo Waislamu hawaruhusiwi.

Jambo hilo nilikuwa nikilijua, lakini sikuwa nimemwambia Mama. Alipoiona mihrabu aliinuka kwenye kiti, akajitanda leso vizuri, akainua mikono. Kijana wa ulinzi akaja mbio, akatikisa kidole. Damu ikanipanda. Nilikuwa na hoja za kutosha kuhusu nani alijenga na nani alinyang'anywa, na lau ningezisema, maneno yangekuwa makubwa. Mama akaniwahi. "Mwache, mwanangu. Huyu ana kazi yake na ana mabwana zake. Wewe tutafutie mahali." Akaketi, akawa anavuta uradi wake kimoyomoyo mpaka tulipotoka.

Tulivuka daraja la kale la Warumi. Mto ule huitwa Guadalquivir, nalo ni jina letu lile lile, al-Wadi al-Kabir, bonde kubwa. Ng'ambo yake tukapata mahali penye majani, msikiti ukionekana mbele ya macho. Mama alivua leso ya mabegani, akaitandika. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba ardhi yote tumefanyiwa mahali pa kusujudu. Nikamwambia mtoto akimu. Akaanza, akakwama katikati. Kutoka nyuma, juu ya kiti cha magurudumu, Mama akamtamkia neno moja moja, naye akamfuata mpaka mwisho. Tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, Mama akiswali kwa kukaa. Wapita njia walitutazama, na wengine wakatuamkia.

Granada ndio mji wa mwisho wa Waislamu wa Andalus. Mfalme wake, Abu Abdillahi, aliukabidhi tarehe 2 Januari 1492, miaka 6 tu kabla ya meli za Wareno kuonekana Mombasa. Juu ya kilima umesimama mji wa wafalme, Alhambra, ulioanza kujengwa mwaka 1238. Tikiti hukatwa mapema kwa majina ya pasipoti, na kila mtu hupewa saa yake ya kuingia katika majumba ya kifalme.

Ndani ya majumba hayo kuta zimejaa nakshi na maandishi. Mtoto akauliza michoro ile ni ya nini. Nilikuwa na somo langu tayari, nimelitayarisha tangu Mombasa. Lakini Mama alikuwa amekwisha kumwambia asogeze kiti karibu na ukuta. Akanyoosha kidole bila ya kugusa, akasoma polepole: "Wa la ghaliba illa Llah." Kisha akamfasiria: hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Mtoto akashangaa. "Bi Mkubwa, wajua kusoma hii?" Akajibu, "Nilisoma chuoni kabla hajazaliwa babu yako."

Maneno yale ndiyo yaliyokuwa kaulimbiu ya wafalme wa Granada, nayo yamekaririwa kila mahali. Mtoto akawa anakimbia na kiti kutoka ukuta hadi ukuta akiyatafuta, na kila akiyapata huyasoma kwa sauti. Somo langu sikulitoa. Magharibi tuliswali katika msikiti wa mtaa wa Albaicín uliofunguliwa mwaka 2003, ambao bustani yake yatazamana na Alhambra. Mama, aliyezuiwa Córdoba, aliswali pale pamoja na wanawake wa Granada.

Wanaokusudia safari kama hii nawapa wasia mchache. Msipange zaidi ya mambo mawili kwa siku. Katika madhehebu yetu ya Shafi, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hapunguzi tena swala, kwa hivyo hesabuni siku zenu. Katika chakula, samaki huondoa shaka nyingi, lakini ulizeni kama mchuzi umetiwa mvinyo. Na biskuti nyingi za kienyeji za Uhispania hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Granada, katika vijia vya Calderería, mtapata maduka ya chai ya Wamoroko.

Na lililo kubwa kuliko yote, mwendo wa safari uwe ni mwendo wa mzee wenu. Mimi niliona mwendo ule unatuchelewesha, ilhali mtoto alijifunza kila alichojifunza akiwa nyuma ya kiti cha Mama.

Jirani wakimwuliza Mama aliona nini Ulaya, huwaambia habari za madanzi. Na kila Jumamosi baada ya Alasiri simu hulia kutoka Uingereza. Mama huweka miwani, akaufungua msahafu, na mtoto husoma yeye akimsahihisha. Wiki iliyopita walikuwa wamefika Suratul Dhuha.

Mwenyezi Mungu awape afya wazazi wetu walio hai, awarehemu waliotangulia, na atujaalie subira nao. Amin.

Wabillahi tawfiq.