Tuliyojifunza kwenye Minara ya Bagamoyo

Kwa miaka mitatu usharika wetu hapa Bariadi ulikuwa ukijenga mnara. Kanisa lenyewe lilikuwa limekwisha: bati lipo, madirisha yana vioo, sakafu imepigwa saruji. Lakini wengi wetu tuliona kuwa kanisa lisilo na mnara ni kama mji wa Msukuma usio na zizi la ng'ombe. Tulitaka mtu anayetoka Maswa au Lamadi auone msalaba wetu kabla hajaziona nyumba za mji. Kamati ya ujenzi ikapanga kwamba kila kaya itoe ahadi wakati wa kuuza pamba.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema, pamba ikawa haba, na ahadi nyingi hazikulipwa. Ndipo tukafanya jambo ambalo leo tunaliandika kwa aibu. Jumapili moja, wakati wa matangazo, tulisoma majina ya wote waliokuwa wakidaiwa, jina moja baada ya jingine. Sisi tunaosimama madhabahuni ndio tuliosoma. Kati ya majina hayo lilikuwamo la mama mmoja mjane, aliyeimba katika kwaya tangu tukisalia chini ya mti. Jumapili iliyofuata hakuonekana. Wala iliyofuata hiyo. Tukasema atarudi, tukaendelea na kokoto na nondo.

Mwezi wa Septemba tukafunga safari ya Bagamoyo: wazee wa kanisa, wainjilisti na wanakwaya, ndani ya basi dogo la kukodi. Tuliiita safari ya mafunzo, na ilikuwa hivyo, lakini tulikuwa na lengo jingine pia. Tulitaka kuona minara ya zamani ili tuchague mfano wa kuumalizia wa kwetu. Fundi wetu alikuja na daftari na futi kamba.

Tulitoka alfajiri, tukapita Maswa, Shinyanga na Singida, tukalala Dodoma. Kesho yake tukashuka Morogoro, Chalinze na Msata hadi pwani. Ndani ya basi wazee walikumbushana kwamba babu zetu, Wasukuma na Wanyamwezi, waliifuata njia ya kuelekea huko huko kwa miguu, pembe za ndovu zikiwa mabegani. Sisi tulilalamikia viti vya basi kuwa vigumu.

Tulianzia Kaole, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo. Hapo palikuwa na mji wa Waswahili tangu karne ya 13. Yamebaki magofu ya misikiti miwili, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, na makaburi, mengine yakiwa na nguzo ndefu mfano wa minara. Kwenye nguzo hizo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Sasa sehemu kubwa ya mahali pa bakuli ni mashimo matupu, na vipande vya vyombo vya Kichina tuliviona katika makumbusho madogo ya hapo hapo. Kijana mmoja wa kwaya alishangaa. Yeye Wachina aliowajua ni makandarasi wa barabara. Hakujua kwamba vyombo vya nchi yao vilivuka bahari na kufika kwetu kabla ya Mzungu wa kwanza.

Tulipofika kwenye msikiti wa zamani, tulisita. Mzee mmoja wa kanisa akauliza, "Baba Mchungaji, hapa tunaingia na viatu?" Paa halipo tena, na sakafu ni mchanga na majani. Kabla hajajibiwa, alivua viatu vyake akavishika mkononi. Sisi wengine tukavua. Hatukuwa tumekuja kuswali katika nyumba ile, na imani yetu tunaijua. Lakini mahali ambapo watu waliweka vipaji vya nyuso zao chini mbele ya Mungu kwa mamia ya miaka hapaingiwi kama sokoni.

Fundi akapima upana wa nguzo moja kwa futi kamba, akaandika. Kisha akakaa juu ya jiwe kimya kwa muda mrefu. Alipoulizwa, alisema, "Kazi ni nzuri sana. Ila waliolipa hawapo, waliojenga hawapo, na aliyelala chini simjui." Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza. Bandari ya Kaole ilijaa tope na mikoko, meli zikaacha kuja, watu wakahama. Nguzo zikabaki na wafu.

Mchana tulikwenda misheni ya Wakatoliki. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, wakawakomboa watumwa na kuanzisha kijiji cha waliowekwa huru. Mnara wa kanisa lao la zamani bado umesimama, na wenyeji wanauita mnara wa Livingstone.

Habari yake inajulikana, lakini tukiwa pale tuliisikia kwa namna nyingine. David Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao, waliuzika moyo wake huko, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500. Baadhi yao walifia njiani. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, na mwili ukapokelewa katika misheni ile. Livingstone hakuwa Mkatoliki, lakini alipokelewa. Mwezi wa Aprili alizikwa London, katika Westminster Abbey. Katika wabebaji wote, aliyesafiri na jeneza hadi kaburini ni Jacob Wainwright peke yake. Wengine walilipwa ujira wao, wakaachwa pwani.

Mnara ule si mrefu. Ule tuliouchora Bariadi ungeupita. Lakini hakuna aliyeuliza urefu wake, hata fundi. Tulisimama chini yake tukiwafikiria waliobeba, na watumwa waliofika pwani hii wakiwa wamefungwa minyororo, kisha baadhi yao wakapata hapa mahali pa kuitwa watu.

Usiku, katika ibada ya jioni, mwinjilisti wetu alisoma Luka 14, pale Bwana Yesu anaposema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba hana budi kukaa kwanza na kuhesabu gharama. Somo hilo tumelihubiri mara nyingi, na katika kampeni ya ujenzi tulilitumia kuwahimiza watu watoe. Usiku ule halikumhimiza mtu. Mama mmoja wa kwaya alisema polepole, "Sisi tulihesabu saruji. Mwenzetu hatukumhesabu." Hakutaja jina. Kila mtu alilijua.

Tuliporudi Bariadi, watatu kati yetu tulikwenda nyumbani kwa yule mjane. Tulimkuta akipura mtama. Alitukaribisha, akatuletea viti, asitaje lolote. Tulipoanza kuomba msamaha aliingia ndani, akatoka na bahasha ya ahadi. Ndani mlikuwa na noti chache na sarafu. Alisema, "Baba, nilikuwa nakusanya. Nilijua nikiimaliza ndipo nitakuwa na ruhusa ya kuja."

Neno hilo, ruhusa, ndilo lililotuchoma. Tumekaa chuo cha theolojia miaka mingi tukifundishwa kwamba mwanadamu hupokelewa kwa neema, si kwa matendo. Tumelihubiri kila mwaka ifikapo sikukuu ya Matengenezo. Na bado mshirika wetu alikaa nyumbani miezi kadhaa akiamini kwamba mlango wa kanisa unafunguliwa kwa bahasha, kwa sababu sisi ndio tuliomfundisha hivyo.

Jumapili iliyofuata, mahali pale pale tuliposomea majina, tuliomba radhi mbele ya usharika. Orodha haisomwi tena. Mnara umesimama kwenye lenta, nondo zikiwa zimechomoza, na utakwisha Mungu akipenda na pamba ikikubali. Mama yule alirudi Jumapili ya tatu. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, si pamoja na kwaya. Tunamwombea, na tunajiombea sisi zaidi.

Ndugu msomaji, kama usharika wako nao unajenga, jenga. Nyumba ya Bwana inastahili kazi nzuri. Lakini kabla ya kuhesabu mifuko ya saruji, pita kwanza kwenye viti ukaangalia nani hayupo, kisha uende kwake ukamuulize kwa nini.