Fadhila, Dhamana na Ada: Fikira za Shabiki Mmoja wa Raga

Kuna maneno mawili ambayo kurasa za michezo katika magazeti ya Kiswahili huyatumia kana kwamba ni pacha: mfadhili na mdhamini. Leo kampuni fulani huitwa mfadhili wa ligi, kesho kampuni hiyo hiyo huitwa mdhamini, na msomaji haulizi. Lakini yupo mwalimu mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Imenti Kusini katika Meru, anayefundisha shule ya upili karibu na mji wa Embu, ambaye hulikataa zoea hilo. Yeye husema kwamba aliyeielewa tofauti ya maneno haya mawili ameielewa nusu ya matatizo ya fedha katika michezo ya Kenya.

Mfadhili, hufafanua Mwalimu, ni mtu wa fadhila. Fadhila ni wema unaotoka katika hiari ya mtoaji. Hutolewa leo, huzuiliwa kesho, na mpokeaji hana pa kwenda kushtaki. Wajibu wake ni kushukuru tu. Mdhamini naye ni mtu wa dhamana. Aliyeweka dhamana amejifunga, na akirudi nyuma huulizwa. Kwa maoni yake, klabu nyingi nchini zimekuwa na wafadhili waliojiita wadhamini, na zimeishi kwa shukrani mahali ambapo zingepaswa kuishi kwa mkataba.

Mwalimu huyu ni shabiki wa raga. Katika eneo ambalo kandanda ndiyo mazungumzo ya kila kituo cha matatu, jambo hilo humfanya aonekane kama mtu aliyepotea njia. Mchezo huo aliupendea Njoro alipokuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Egerton, na akawa akienda Nakuru siku za Jumamosi kuwatazama wanaume wakisukumana matopeni kwa dakika themanini kisha wakapeana mikono. Aliporejea mashariki ya Mlima Kenya alikuta raga ikichezwa zaidi shuleni na vyuoni. Nguvu ya ligi kuu, yaani Kenya Cup, ilikuwa Nairobi, Nakuru na Kakamega. Hata hivyo, mji wa Embu ulikuwa na timu ya vijana waliofanyia mazoezi kwenye uwanja wa kuazima, na timu hiyo ndiyo iliyoteka moyo wake.

Wachezaji wenyewe ni mchanganyiko. Wapo wanafunzi wa vyuo vikuu, waendeshaji bodaboda, mchonga mawe, na mmoja anayeuza mitumba sokoni. Wakialikwa kucheza Meru huhitaji kuwabeba wachezaji kumi na watano wa kuanza, akiba wanane, kocha, na mfuko wa mipira. Matatu mbili hutosha. Barabara hupita Runyenjes, huvuka mto Thuci, hupanda hadi Chuka, huteremka kwenye daraja la Nithi na kuibukia Nkubu. Ni safari ya saa chache tu, lakini imewahi kuahirishwa zaidi ya mara moja kwa kukosa nauli. Kwa klabu ya namna hii suala la fedha si makala ya gazetini. Ni swali la Ijumaa jioni: je, kesho tunaenda au hatuendi?

Kwa kuwa amelifikiria swali hilo kwa miaka mingi, Mwalimu ana mifano yake, na mingi huitoa kwenye kandanda kwa sababu huko ndiko majeraha yanakoonekana wazi. Hukumbusha kwamba timu ya Oserian, iliyomilikiwa na kampuni ya maua ya Naivasha, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2001 na 2002, kisha ikavunjwa. Hukumbusha kwamba mwaka 2017 runinga ya SuperSport iliuvunja mkataba wake na ligi kuu baada ya ligi kupanuliwa kutoka timu 16 hadi 18. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilijiondoa mwaka 2018 kwa sababu ya ushuru, ikarudi, na mwaka 2019 ikajiondoa tena leseni yake ilipokwama. Mwaka huo huo SoNy Sugar ya Awendo, bingwa wa mwaka 2006, ilifukuzwa ligini kwa kukosa kufika uwanjani mara tatu. Mwaka 2020 ukaja mkataba wa miaka mitano wa BetKing, wenye thamani ya shilingi bilioni 1.2, nao haukumaliza mwaka wa pili. Raga yenyewe haikusalimika. Mwezi Juni mwaka 2018, mjini Paris, wachezaji wa timu ya taifa ya raga ya wachezaji saba kila upande waliingia uwanjani wakiwa wamelifunika jina la mdhamini kifuani kwa sababu ya mzozo wa malipo.

Msikilizaji asiye makini huweza kudhani kwamba hii ni orodha ya makampuni mabaya. Mwalimu hukataa tafsiri hiyo. Kampuni, husema, ina biashara yake, na kuondoka pale faida inapoisha ni tabia yake ya kawaida. Kosa ni la nyumba iliyojengwa kwa nguzo moja, tena nguzo ya kuazima. Kabras ya Kakamega imekuwa bingwa wa raga kwa sababu kampuni ya sukari imeibeba. Na aibebe, huo ni wema. Lakini Embu haina kiwanda cha sukari, na mji usio na tajiri haupaswi kukaa ukimngoja tajiri.

Hoja yake nzito zaidi, hata hivyo, haihusu kampuni. Inahusu siku ya Jumamosi, na asili yake ni Uingereza. Mwalimu husimulia kwamba raga iligawanyika mara mbili kwa sababu ya mshahara wa siku moja. Katika karne ya kumi na tisa, wachezaji wengi wa kaskazini ya nchi hiyo, katika Yorkshire na Lancashire, walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Jumamosi asubuhi ilikuwa siku ya kazi. Aliyesafiri kwenda kuchezea klabu yake alikatwa ujira, na klabu za kaskazini zikaomba ruhusa ya kumfidia mchezaji muda alioupoteza. Wakuu wa mchezo, ambao wengi wao walikuwa waungwana wasiojua maana ya kukatwa ujira, walikataa mwaka 1893 kwa kisingizio kwamba raga ni burudani na burudani haina malipo. Tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli ya George mjini Huddersfield, klabu zaidi ya 20 zikajitenga na kuunda chama chao. Baadaye wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13, na hivyo ukazaliwa mchezo unaoitwa raga ya ligi. Upande uliokataa malipo ulishikilia msimamo wake hadi mwaka 1995, miaka mia moja kamili, ndipo ukaruhusu wachezaji walipwe.

Kwa nini kisa cha wachimba makaa kimsumbue mwalimu wa Embu? Kwa sababu ya mwendesha bodaboda. Jumamosi ni siku ya soko na ya harusi. Ndiyo siku ambayo pikipiki huingiza pesa nyingi kuliko siku nyingine. Kijana anayeiegesha pikipiki ili kwenda kucheza Meru ametoa mchango mkubwa kuliko mtu yeyote katika klabu, lakini mchango huo hauandikwi popote. Mweka hazina huandika nauli, maji ya kunywa na ada ya mwamuzi. Jumamosi ya mchezaji haiandiki. Kila mtu huamini kwamba klabu inafadhiliwa na aliyenunua jezi, ilhali mfadhili mkuu ni yule aliyezivaa.

Ukweli huo ulidhihirika siku mmoja wa waendeshaji hao alipovunjika mtulinga katika mechi ya ugenini. Alipelekwa hospitali akiwa katika gari la abiria, na gharama ililipwa kwa mchango wa papo hapo wa wenzake, wengine wakitoa nauli zao za kurudi nyumbani. Kwa wiki nyingi hakuweza kushika usukani. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkopo, na mkopo hausubiri mfupa uunge. Klabu haikuwa na bima. Ilikuwa na jezi mpya, kwani kabla ya uchaguzi wa mwaka 2022 mwaniaji kiti mmoja alikuwa ameileta seti nzima, jina lake likiwa limechapishwa mgongoni. Aliposhindwa katika uchaguzi simu yake haikupokelewa tena. Vijana wanaendelea kuzivaa jezi hizo, wakilitangaza jina la mtu asiyewajua.

Katika mkutano uliofuata Mwalimu alitoa pendekezo lake. Klabu iwe ya wanachama. Kila mwanachama alipe ada ya shilingi mia moja kwa mwezi. Fedha za kwanza zinunue bima ya wachezaji, za pili nauli, na jezi zije mwisho. Alipiga hesabu ubaoni: watu 300 wakilipa, ni shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani shilingi 360,000 kwa mwaka. Ukumbi ulinyamaza. Kisha yule kijana aliyeumia, mkono wake ukiwa bado kifuani, akasema kwa upole, "Mwalimu, hao watu mia tatu wako wapi? Mechi yetu hutazamwa na watu hamsini, na nusu yao ni watoto. Mheshimiwa akija kesho na bahasha, mimi nitaipokea. Mkopo wangu haujui ni fadhila au ni dhamana."

Mwalimu hakuwa na jibu la haraka, wala hajifanyi kuwa alikuwa nalo. Mkono mtupu haulambwi, na hoja ya maneno haijawahi kulipa mkopo. Lakini alichokisema baadaye kidogo ndicho kiini cha fikira zake. Aliwauliza waliokuwamo ni wangapi walitoka katika familia zinazolima majani chai. Mikono mingi ikainuliwa. Huku Embu kuna viwanda vya Mungania na Rukuriri. Meru kuna Imenti, Kionyo na Githongo. Viwanda hivyo ni vya wakulima wadogo wadogo wenyewe. Majani hupimwa kituoni, kilo huandikwa, mkulima hulipwa kila mwezi na mwisho wa mwaka hungojea bonasi. Bonasi ikiwa ndogo huja juu, huwaita wakurugenzi, hudai hesabu. Mama mwenye mashina mia tatu ya chai haoni haya kumuuliza mkurugenzi pesa zimekwenda wapi, kwa sababu hakufadhiliwa, ana hisa. "Mama zenu," akasema Mwalimu, "wanajua kumiliki kiwanda. Nyinyi mnashindwaje kumiliki mpira mmoja?"

Watu walicheka, na kicheko kikafungua mazungumzo. Ndipo mzee mmoja akadakia kwamba dawa ni harambee kubwa ya siku moja. Hapo Mwalimu alitoa mfano wa onyo, tena kutoka huko huko Uingereza. Klabu ya Bradford Bulls ilikuwa bingwa wa raga ya ligi mwaka 1997, 2001, 2003 na 2005. Fedha zilipovurugika mwaka 2012, mashabiki walichanga kwa moyo mmoja kuiokoa. Hata hivyo klabu hiyo ikafilisiwa mwezi Januari mwaka 2017. Mapenzi ya mashabiki hayakupungua. Lakini kuchanga ni jambo moja, na kuwa na sauti juu ya matumizi ni jambo jingine. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Harambee bila daftari ni fadhila iliyotolewa na wengi badala ya mmoja.

Hapo ndipo Mwalimu hufikia neno lake la tatu, analolipenda kuliko yote. Neno ada lina maana mbili katika Kiswahili. Ni malipo yanayotolewa kwa ajili ya huduma au uanachama, na pia ni desturi, jambo lililozoeleka katika jamii. Husema kwamba lugha haikukosea kuziweka maana hizo katika neno moja. Malipo madogo yanayorudiwa kila mwezi hugeuka kuwa tabia ya mji, na tabia haihami kwa sababu ya ushuru au kwa sababu mtu ameshindwa katika uchaguzi. Mfadhili huondoka na fadhila zake. Ada hubaki, kwa kuwa hakuna mtu mmoja wa kuondoka nayo.

Mambo hayajawa mepesi. Waliojiandikisha kulipa ada hawajafika hata nusu ya hao mia tatu, na baadhi yao ni walimu wenzake waliolipa kwa kumwonea haya. Bado kuna safari zinazoahirishwa. Lakini fedha za kwanza zilikwenda kwenye bima kama ilivyopangwa, na daftari la klabu limeongezwa safu mpya ambayo mweka hazina aliipinga kwanza akidai kwamba haina pesa ndani yake. Katika safu hiyo, baada ya kila mechi, huandikwa jina la kila mchezaji na siku ya kazi aliyoipoteza. Klabu haina uwezo wa kuzilipa siku hizo, na huenda isiwe nao kwa miaka mingi. Inachoweza kufanya kwa sasa ni kukiri kwa maandishi kwamba inadaiwa, na inadaiwa na nani.