Mkate wa mtoto asiyekula ngano

Kwa familia nyingi za Dar es Salaam, chai ya asubuhi ni chai na kitu cha ngano. Isipokuwa mkate wa dukani ni chapati, isipokuwa chapati ni andazi, na mtoto akipewa hela ya shule huinunulia kalimati au keki. Ndiyo maana daktari anapomwambia mzazi kuwa mwanawe asile ngano maisha yake yote, swali la kwanza huwa si la dawa. Mzazi huuliza: sasa atakunywa chai na nini?

Mama mmoja wa Kipawa aliuliza hivyo baada ya binti yake wa miaka minane kugundulika kuwa na ugonjwa wa seliaki. Kwa karibu miaka miwili mtoto alikuwa akiharisha mara kwa mara, tumbo linajaa gesi, uzito haupandi na damu inapungua. Alipewa dawa za minyoo zaidi ya mara moja. Bibi yake alisema anadeka, anachagua chakula. Kipimo cha damu, kisha kinyama kidogo kilichochukuliwa kwenye utumbo mwembamba, ndivyo vilivyomaliza ubishi.

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya donge la unga livutike na mkate uumuke. Kwa mwenye seliaki, kinga ya mwili ikikutana nayo hushambulia utumbo na kuharibu vinyweleo vidogo vinavyofyonza virutubisho. Mtoto anakula, lakini mwili haupati. Hakuna kidonge cha kuponya. Tiba ni kuiacha gluteni kabisa.

Wapo wanaouita ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, ndiye aliyeonyesha uhusiano wake na ngano, baada ya wagonjwa wake kupata nafuu mkate ulipoadimika wakati wa njaa ya 1944 na 1945, kisha kuumwa tena uliporudi. Lakini inakadiriwa mtu mmoja kati ya 100 duniani anao, na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliukuta kwa zaidi ya watoto watano kati ya kila 100 wa Kisahrawi, hapahapa Afrika.

Mama huyo alianzia dukani kwa Mangi, akachukua mkate wa kahawia akiamini ni salama kwa kuwa si mweupe. Kumbe rangi haisemi kitu: mkate wa kahawia ni ngano pamoja na pumba zake. Mkate ulioandikwa mtama au muhogo nao mara nyingi ni ngano iliyochanganywa na unga huo kidogo. Hata unga wa lishe wa uji, ambao wazazi wengi huuamini, mara nyingine huwa na ngano.

Akapanda daladala mbili hadi kwenye sapamaketi kubwa, akaukuta mkate usio na gluteni kwenye jokofu la kugandisha, umetoka nje ya nchi. Hapo ndipo alipojifunza kusoma pakiti. Kwanza, maneno "hauna ngano" hayatoshi, kwa sababu shayiri na rai zinaweza kuwemo. Yanayotakiwa ni "hauna gluteni". Kwa kiwango cha kimataifa cha Codex, chakula cha namna hiyo hakitakiwi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina kama gramu mbili. Hicho ni kiasi kinachoruhusiwa kwenye kilo 100 za mkate usio na gluteni.

Pili, viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi. Wanga wa viazi au wa muhogo ukitangulia na sukari ikafuata karibu, mkate huo utashibisha kwa muda mfupi tu. Bora unaotangulia unga wa mchele usiokobolewa, mtama au dengu, wenye nyuzinyuzi nyingi na sukari kidogo. Tatu ni madini ya chuma. Tangu 2011 kanuni za Tanzania zinataka unga wa ngano wa viwandani uongezewe virutubisho, yakiwemo madini hayo. Mikate mingi isiyo na gluteni haiongezewi, hivyo mtoto mwenye upungufu wa damu ayapate kwenye dagaa, maharage na mboga za majani.

Bei ya mkate ule mmoja ingenunua mikate kadhaa ya kawaida, na nyumbani wapo watoto wanne. Aliununua mara mbili, kisha akakumbuka mkate wa kumimina: mchele, tui la nazi, hamira, mayai, sukari na iliki. Kwa asili hauna ngano. Kwa dada anayeuuza mtaani aliuliza:

"Dada, humu umetia unga wa ngano hata kidogo?"

"Kijiko kimoja tu, mama, ili ushikane."

Kijiko hicho kinatosha kumrudisha mtoto kitandani. Walikubaliana apikiwe wake kila Jumamosi, wa kwanza kabla ya maandazi, kwa sufuria iliyooshwa na mchele uliosagwa kwa blenda. Mashine ya kusaga ya mtaani haifai, kwa kuwa hupitisha ngano na mchele humohumo.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa nyumbani. Siku moja bibi alimpa mjukuu kipande cha andazi kwa huruma. "Kidogo hakiui, mwanangu," alimwambia mkwewe. Usiku mtoto alitapika na kuharisha. Baba wa mtoto ndiye aliyekaa na mama yake, akamweleza taratibu kwamba utumbo unaumia hata siku ambazo mtoto halalamiki. Bibi hakujibu. Wiki iliyofuata alimkataza jirani kumpa mtoto keki ya sikukuu, akasema huyu chakula chake kiko nyumbani.

Mzazi anayeona dalili kama hizi asikimbilie kumwachisha mtoto ngano kwa kukisia. Kipimo cha seliaki huhitaji mtoto awe bado anakula gluteni. Akiiacha mapema, majibu yanaweza kuonyesha hana tatizo wakati analo. Apelekwe hospitali kwanza.

Katika nyumba ile ya Kipawa, mkate wa ngano bado unaliwa, kwa kisu chake na ubao wake. Siku tatu kwa wiki wote wanne hunywa chai na muhogo wa kuchemsha au viazi vitamu, ili mmoja asijione anakula peke yake.