Nyambui na Ilimu ya Mbio

Katika zama za utoto wangu Lupingu, kwenye ukingo wa Ziwa Nyasa ambako Milima ya Livingstone imeshuka kwa ghafla hata ikawaachia watu ukanda mwembamba tu wa kujengea nyumba na kupanda mihogo, mbio hazikuhesabiwa kuwa jambo la kufundishwa. Wazee wetu, ambao tangu dahari walipanda mlima wakiwa na mizigo ya samaki wakavu na vyungu vya Wakisi, wakarejea na mahindi na maharage ya watu wa juu, walipomwona kijana mwepesi wa miguu walimshukuru Mungu, wakaitaja nasaba yake kwa fahari, wala hapakuwa na mmoja aliyeuliza ni nani aliyemfunza. Shuleni, mwalimu wa michezo alikuwa mwalimu yeyote aliyekabidhiwa filimbi.

Itikadi hiyo ilianza kulegea mwaka 1980. Tulikuwa bado tukihesabiwa katika mkoa wa Iringa, maana mkoa wa Njombe haukuwako hadi 2012, na habari za ulimwengu zilitufikia kwa meli au kwa Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo baba yangu mdogo aliifungua kila jioni huku watu wamejaa barazani pake. Kwa redio hiyo tulisikia kwamba huko Moscow Filbert Bayi amepata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na siku iliyofuata, tarehe 1 Agosti, Suleiman Nyambui naye amepata fedha katika mita 5,000, nyuma ya Mhabeshi Miruts Yifter, kwa tofauti isiyotimia sekunde moja. Hizo ndizo medali za kwanza za Tanzania katika Olimpiki, na hadi ninapoandika maneno haya hazijapata ya tatu.

Bayi tulikuwa tukimjua, kwa kuwa sifa za Christchurch za mwaka 1974, alipotangulia tangu mlio wa bastola hadi mwisho akaivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500, zilikuwa zimekwisha kufika hata kwetu. Aliyenishughulisha mimi ni Nyambui, mzaliwa wa Majita upande wa Musoma, kwa sababu ilisemwa kuwa mtu huyu, ambaye umri wake ulikuwa umekwisha kupita miaka 25, ni mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, na kwamba mbio zake ni sehemu ya maisha yake ya chuoni.

Baadaye, nilipoingia chuo cha ualimu na kupata wasaa wa kusoma, nilielewa muradi wa habari ile. Katika vyuo vya Marekani kila mchezo, uwe besiboli, mpira wa kikapu au riadha, una mwalimu wake mwenye mshahara na ofisi, aghalabu mchezaji wa zamani, ambaye kazi yake ya asubuhi na jioni ni kuwatoa vijana katika walivyo na kuwafikisha katika wanavyoweza kuwa, na ambaye asipofanikiwa huondolewa. Chuo cha El Paso, katika jimbo la Texas, mkabala na Mexico, kilikuwa na mwalimu wa namna hiyo, Ted Banks, aliyewakusanya vijana wengi wa Afrika, wakiwamo Nyambui na Gidamis Shahanga wetu. Huko Nyambui alitwaa ubingwa wa vyuo wa mbio za nyika mwaka 1980, na mwaka 1981, mjini New York, alikimbia mita 5,000 katika uwanja wa ndani kwa dakika 13 na sekunde 20.4, muda ambao hakuna mwanadamu aliyekuwa ameufikia ndani ya jengo. Alipohamia marathoni alishinda Berlin mara mbili mfululizo, 1987 na 1988.

Basi nikarudi Lupingu kufundisha, na hamu yangu kubwa ilikuwa kujua ni nini hasa hufundishwa mtu ambaye tayari anajua kukimbia. Jawabu nililolipata vitabuni ni kwamba hufundishwa kiasi. Hufundishwa kuikata safari ndefu vipande, akimbie mita 400 kwa kasi ya mashindano, apumzike kwa muda uliopimwa na si kwa muda autakao yeye, kisha arudie tena na tena, hata moyo uzoee kusukuma damu nyingi kwa mapigo machache. Kadhalika hufundishwa kupumzika, jambo ambalo wanafunzi wangu walilistaajabia kuliko yote, maana kwao aliyepumzika ni mvivu. Fauka ya hayo nikatambua hiba tuliyokuwa nayo bila kuitumia: ziwa letu liko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Njombe unakaribia mita 2,000, ambako hewa ni nyembamba na mwili, ukikaa majuma kadhaa, huongeza chembe nyekundu za damu. Mtoto wa Lupingu anayepanda mlima tangu utotoni ana mapaja na mapafu, lakini kasi haiji kwa kupanda peke yake; yampasa apate mahali tambarare pa kukimbilia, na kwetu tambarare ni mchanga wa ufukoni, ambao hunywa nguvu za mguu. Nilipima njia ya mita 200 kwenye udongo mgumu nyuma ya madarasa, nikanunua stopwochi, nikaanza kuandika muda wa kila mtoto katika daftari.

Daftari lile ndilo lililobadilisha fikira za watu. Mzazi aliyekuwa akisema mwanawe amejaliwa au hakujaliwa alionyeshwa tarakimu za mwezi wa Februari na za mwezi wa Juni, akakaa kimya akizitazama, kisha akauliza mtoto ale nini na alale saa ngapi. Wasichana, ambao jioni walikuwa wakiitwa kuchota maji, walianza kuruhusiwa kubaki uwanjani, na mmoja wao alipochaguliwa kwenda kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, watu waliokuja kunipa mkono waliulizia mazoezi yake kabla ya kuuliza ukoo wake.

Nyambui, baada ya miguu kuchoka, naye akawa mwalimu. Alifundisha timu ya taifa ya Brunei, nchi ndogo ya Asia yenye mafuta mengi na wanariadha wachache, na nyumbani alipata kuwa katibu mkuu wa chama cha riadha cha taifa. Nasema kwa taadhima, na kwa uchungu pia, kwamba tulimpa mtu huyu mafaili na vikao, na ugenini wakampa vijana. Kazi ya katibu ni ya heshima, walakini makatibu hupatikana. Mtu aliyepita mikononi mwa waalimu wa El Paso na akasimama jukwaani Moscow hapatikani. Wako wanaodai kuwa si lazima mwalimu awe mkimbiaji wa zamani, na hoja yao ina nguvu, kwani Ndugu Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland aliyefika Iten, Kenya, mwaka 1976 kusomesha jiografia, hakuwa mwanariadha, na mikononi mwake amepita David Rudisha, bingwa wa mita 800. Lakini insafu yataka isemwe kwamba alikaa. Alikaa shule moja, kijiji kimoja, miaka nenda miaka rudi, akiwatazama watoto wakikimbia. Bayi naye amejenga shule Kimara na Kibaha, na kwa hilo namhesabia jambo kubwa kupita rekodi yake.

Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu, askari wa jeshi letu, alimpita Mjerumani Amanal Petros hatua ya mwisho kabisa ya marathoni, muda wao ukiwa mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Wanafunzi wangu wa zamani walinipigia simu kutoka Makambako, Njombe na Dar es Salaam, sauti zao zikipasuka kwa furaha, na mmoja, ambaye sasa ni mwalimu wa michezo kule Ludewa, alitaka kujua kama nina namna ya kumfikia Simbu. Hakutaka picha wala saini. Alitaka kumwuliza, siku atakapoacha kukimbia, kama atakubali kuja kwao kufundisha.